Marahaba Kwenye Stoo ya Dagaa

Kinyaa kilinishika tangu mlangoni. Stoo ya baba mkubwa iko nyuma ya soko la Kariakoo, chumba kimoja kisicho na dirisha la maana, magunia ya dagaa yamepangwa mpaka karibu na dari. Sakafu ina utando wa mafuta ambao hata ukiudeki kwa sabuni ya unga, kesho yake ndala zinanata tena. Humo ndimo nilimojiandaa kwa mtihani wa kemia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kemia imeniangusha. Chuo nilichotaka kusomea ufamasia kilikubali kunipokea kwa sharti moja: nifaulu mtihani wa kemia ya juu wa shule moja ya ng'ambo, unaofanywa kwa mtandao. Nikifeli, baba mkubwa alishanionyesha pa kwenda, palepale stoo, nimpimie wateja dagaa mpaka nizeeke.

Masharti ya mtihani wenyewe yalinitia kichefuchefu. Uwe peke yako, kamera ikukodolee macho, na isisikike sauti ya mtu. Kuna programu inayosikiliza. Ikisikia mtu anaongea inatoa onyo, na onyo la tatu linafunga mtihani. Sasa nitafutie chumba kimya Kariakoo! Nyumbani, mtaa wa Gerezani, nilikokuwa nikiishi na bibi, upande mmoja mafundi wanagonga bodi za magari, upande wa pili wapangaji wanagombea bomba. Stoo ilikuwa kimya kwa sababu magunia yanameza kelele. Laiti yangemeza na harufu.

Nikawa nashinda humo, ncha ya khanga puani, laptop ya kuazima juu ya meza ya mizani, mende wakinipita miguuni bila hata haraka. Shuleni tulizoea kukariri kwa sauti, na mimi sikujua kusoma kwa namna nyingine. Nilipofika mada ya amini nikawa naziimba: methili-amini, dimethili-amini, trimethili-amini. Bibi alikuwa akinisindikiza na kukaa nje ya mlango na tasbihi yake. Kila nilipomaliza jina moja nilimsikia akiitikia, "Amin! Mola akutakabalie."

Nikatoka kumweleza kwamba si dua, ni kemikali, na ndiyo hasa inayofanya samaki anuke vile.

Bibi akakunja uso. "Yaani uvundo wote huu wameupa jina la dua? Hawana adabu hao."

Siku ya mtihani wa majaribio, bibi aliingia na kikombe cha chai. Mdomo wangu haukuniuliza. "Shikamoo bibi." Onyo la kwanza. "Marahaba mjukuu wangu." La pili. "Mbona umebadilika uso?" La tatu, na kioo kikawa cheupe. Nilitamani kuitupa ile laptop kwenye mtaro wa maji machafu pale nje. Hivi ni watu gani hawa, wanaoona salamu ni wizi?

Bibi alipoelewa, alifikiri kidogo. "Basi siku yenyewe usiniamkie. Hata nikiingia, nitazame tu kama ukuta. Nimeshakuwia radhi."

Siku yenyewe ikafika. Bibi alikaa mlangoni akiwafukuza watu kwa mkono. Spika ya mchuuzi hakuweza kuifukuza. Ilipita na sauti yake ya kurekodiwa, dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya mende, nikala onyo la kwanza. Nikavumilia, nikaendelea. Saa ya adhuhuri bibi akainuka kwenda kutawadha, na mlango ukasukumwa.

Alikuwa baba mkubwa. Nilimjua kwa kijiti chake cha meno na lile kohozi analolivuta kutoka kifuani bila kuona haya. Akasimama pembeni yangu, kamera isikomwona, shati linanuka jasho la juzi, akisubiri aamkiwe. Nami nilikuwa kwenye swali la amini, nimebana midomo, naandika.

Kwetu mkubwa asiyeamkiwa halalamiki. Anakuitikia salamu ambayo hukuitoa, ili aibu ikupate.

"Marahaba!" akasema kwa sauti ya kujaa.

Onyo la pili likawaka jekundu. Nikamsikia akivuta pumzi arudie, na safari hii ningekuwa wa stoo moja kwa moja. Ghafla kiganja kibichi kwa maji ya udhu kikamziba mdomo. Bibi alimshika mwanawe kama anavyoshikwa mtoto anayetaka kulia msibani, akamtoa kinyumenyume. Hakuna aliyetamka neno. Nikamaliza mtihani.

Siku chache baadaye ile shule ikaniandikia. Matokeo yamezuiwa. Wamesikia mwanamume akitamka neno, wametafuta maana yake, wakaambiwa ni jibu. Jibu la swali gani? Wanataka mwenye sauti ajieleze mwenyewe kwa video, la sivyo mtihani unafutwa.

Nilimkuta baba mkubwa uani kwetu, anachokonoa meno. Nikameza mate, machungu kama shubiri.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Sijasikia."

"Shikamoo baba mkubwa!"

"Marahaba. Kumbe mdomo unao."

Nilimchukia, sitaficha. Nikamweleza anachotakiwa kusema. Akacheka, kisha akaelewa, kicheko kikamkauka.

"Yaani nikae mbele ya Wazungu niseme nilijiitikia mwenyewe? We mtoto una akili?"

Bibi alikuwa anakata ndimu ya kunisugulia mikono, maana uvundo ule haukubali sabuni. Hakuinua hata macho. "Sema, baba. Siku ile kujiitikia hukuona haya, leo ndo unaona?"

Nikashika simu. Baba mkubwa akatoa kijiti mdomoni, kwa mara ya kwanza mbele yangu, akafunga kifungo cha shati.

"Sikumpa jibu lolote," akaiambia kamera. "Mimi kemia siijui." Akamtazama mama yake. "Hakuniamkia. Nikajiitikia mwenyewe."

Nikatafsiri neno kwa neno, bila kumpunguzia. Shule ikaridhika, na nikafaulu.

Sasa nasoma ufamasia. Baba mkubwa bado ananuka, na bado namwamkia. Lakini siku hizi nikisema shikamoo, hutazama kwanza simu yangu iko wapi, ndipo aitikie.