Ndoo Moja kwa Salamu Maria Nne

Miaka ile ya vita niliishi Butembo, ambako baridi haina huruma, na nilikuwa na boila ya umeme, tangi la kuchemshia maji ya kuoga. Umeme wenyewe haukuwapo mjini. Niliinunua Kampala kwa sababu ilikuwa nyeupe na nzuri, na mke wangu alinicheka hadi akachoka.

Kisha akajifungua binti yetu wa kwanza, na mama mkwe akapanda kutoka Beni kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Beni kuna joto. Siku ya tatu, akitetemeka ndani ya vitenge vitatu, alinitolea hukumu.

"Mukwe, huku mutoto wangu atakufa na baridi. Siku ya Mungu ninarudi naye Beni, yeye na katoto."

Sac yake ya nguo ilikuwa tayari imefungwa, imewekwa mlangoni. Wiki ileile, kwenye barabara ya Beni, watu walishushwa garini, na wengine hawakuonekana tena. Niliogopa kuwaachia wapite huko. Lakini mama mkwe habishiwi, basi nikasema kabla ya Jumapili atakuta douche ya kuogea maji ya moto. Kinywa changu kimeniponza mara nyingi.

Nilipandisha pipa la maji juu ya matofali. Jirani yetu, mama aliyechemsha pombe kali, aliniazima tiyo yake, bomba la shaba lililojizungusha; nikaiunga kwenye pipa, nikaipitisha motoni, na mwisho wake nikafunga robine, koki ya maji. Nilipofungua robine yote, ndoo ilijaa kwa Salamu Maria tatu. Aliyepima ni mama mkwe, rozari mkononi. Maji yalikuwa baridi. Nikaikaza robine, yakatoka ya moto, lakini ndoo ikala rozari nzima.

"Hapa mutu ataoga mpaka Pasaka," akasema.

Ijumaa jirani alikuja kuangalia tiyo yake, akanikuta nimenuna.

"Baba, unaharakisha nini? Pombe yangu inatoka tone kwa tone, lakini magaribi niko na dumu nzima. Acha maji itone. Tafuta tu chombo ya kuchunga moto yake."

Chombo nilikuwa nimekikalia. Ile boila, yenye sufi ndani ya kuta zake kuzuia joto lisitoke, ilikuwa kiti changu tangu Kampala.

Jumamosi alfajiri niliitundika juu ya bafu, chini kidogo ya pipa, nikaacha maji ya moto ya tiyo yaingie ndani yake polepole mchana kutwa. Saa kumi nikafungua robine ya boila. Salamu Maria nne, ndoo imejaa, na mvuke juu yake. Nilijiona mkubwa kuliko gavana.

Mke wangu akaoga kwanza. Kisha mama mkwe akasema anaingia kupima tu. Nikiwa nje nilimsikia akianza: Salamu Maria ya kwanza, ya pili. Alipopita ishirini nilijua hapimi tena ndoo.

Akatoka mabega yakifuka mvuke, akanipita bila kunitazama, akamwambia binti yake:

"Fungua ile sac. Toa manguo yote."

Jioni ile mimi nilioga maji baridi, maana ya moto aliyamaliza. Niliimba mpaka majirani wakasikia.