Bibi Harusi wa Rangi ya Mchuzi

Nianze na aibu yenyewe, msije mkaisikia kwa wengine: mimi ndiye niliyempaka mdogo wangu Tumaini manjano ya mchuzi mwili mzima, siku moja kabla ya harusi yake, kwa hiari yangu na kwa akili zangu za kidato cha nne.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Dodoma yameanza kujaa tena losheni na sabuni za kila harufu, baada ya ile mingine ya kupanga foleni, na binamu yetu aliyepata kazi hoteli ya watalii huko Unguja akatuletea kijitabu chao cha picha, ambamo mgeni anasingwa, yaani anapakwa na kusuguliwa mwili, kama binti wa kifalme wa Java anayekaribia kuolewa: unga wa mchele, manjano na msandali, halafu maziwa mgando, halafu analazwa kwenye beseni la mawe lililojaa maua, kama wafanyavyo watu wa Bali. Mimi (ambaye safari yangu ya mbali ni Mpwapwa, na hata huko usiku wa kwanza tu nilikililia kitanda changu) nikasema, sasa hayo si yote yamo jikoni kwangu?

Msandali sikuwa nao, nikaufidia kwa manjano. Kijitabu kilisema kijiko. Nikamimina pakiti nzima, maana kama kidogo kinang'arisha, kingi je? Maua nikayachuma kwenye ua wa jirani yangu Mama Ndahani, aliyesimama akinitazama, na beseni la mawe likawa karai la kufulia. Tumaini akakaa uani amepakwa, anajiona malkia, na ule upepo wetu mkavu ukaukausha uji wote wa unga na manjano ukamshika kama plasta kabla hata sijaleta maziwa. Nikamkalisha karaini na maua yake, nikasugua. Unga ukatoka, rangi ikabaki.

Ndipo akaingia shangazi wa bwana harusi, katoka Mpwapwa na wenzake wawili kumwona mkwe wao. Nikamwamkia shikamoo. Alikuwa anamtazama Tumaini pale karaini, njano, maua yameganda mabegani.

"Huyu mtoto ana homa ya manjano."

"Haumwi, shangazi. Amesingwa kifalme."

"Mfalme gani wa rangi hiyo? Sisi tuliposa binti mzima. Harusi isubiri apone."

Tumaini akaanza kulia. Isubiri, na ng'ombe keshachinjwa, na kwaya iko njiani! Nikaona nikiendelea kubishana mume anakwenda, basi nikachota uji uliobaki, nikajipaka uso, shingo na mikono, nikasimama juani mpaka ukakauka, nikausugua mbele yao. Nikatoka njano kumshinda mgonjwa. Shangazi akanifunua kope, kisha akamfunua Tumaini. Macho meupe pe. Akaanza kucheka taratibu, tumbo likitangulia, halafu akanyoosha mkono.

"Haya, nipakeni na mimi. Mmoja tu."

(Wenzake walitaka yote miwili.)

Kesho yake kanisani shela lilikuwa na kola ya njano, na mchungaji alipowaunganisha mikono maharusi alijifuta yake kwenye joho. Lakini waliunganishwa. Mimi nimeapa, manjano kwangu ni ya sufuria tu, na vijitabu vya hoteli nitaviangalia picha.

Mlangoni Mama Ndahani alinipa mkono wa pongezi, akautazama wake, akasema: "Bibi harusi kapendeza, jirani. Wewe ndiye upelekwe hospitali."