Salamu Zangu za Madina

Kosa langu la kwanza katika sira, masimulizi ya maisha ya Mtume, rehema na amani zimshukie, lilikuwa kuamini kwamba bado anaishi Madina.

Msinicheke. Enzi zetu pale Mji wa Kale, kila aliyerudi kutoka kuhiji alisema amekwenda kumzuru Mtume. Bibi yangu alipofunga mizigo yake, majirani walijaa ukumbini kumpa salamu amfikishie. Nami nikampa zangu, nikamsisitizia ataje jina la baba na la babu, nisije nikachanganywa na mtoto mwingine. Ndivyo nilivyo hadi leo. Jambo likibaki na kasoro, silali. Aliporudi na tende, sikutaka tende. Nilitaka jibu.

"Amesemaje, bibi?"

"Mtume huitikia kila salamu, mwanangu."

Wiki nzima nikatembea kifua mbele.

Chuoni, madrasa yetu, sira ilisomwa baada ya alasiri, tumebanana mkekani, midomo myekundu kwa mabuyu. Hatukuwa na picha za kutazama. Maalim akisimulia pango alimojificha Mtume na utando wa buibui mlangoni, tulifumba macho tukaviona. Siku moja akafika kwenye homa ya mwisho, na kichwa cha Mtume kifuani pa mkewe, Bi Aisha. Kisha akasema roho ikatoka. Nikaangua kilio.

"Maalim, huyu analia!"

"Wee! Kwani ulidhani yu hai?"

Chuo kizima kikacheka. Maalim hakucheka. "Mwacheni. Sayyidna Umar, sahaba wake, naye siku ile alikataa kuamini kwamba amefariki."

Tangu hapo, somo hilo likikaribia, niliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Baadaye nikajisomea sira mwenyewe, nikirudia kila jina hadi ulimi unyooke, lakini kila kitabu nilikifunga Mtume akiwa mzima Madina.

Watoto wa leo hawana taabu hizo. Mpwa wangu husikiliza sira kwenye simu, tena kwa kasi, mkononi viazi karai. Juzi nikamuuliza ni wapi palipomhuzunisha.

"Chaji ilipoisha, mjomba. Ilibaki kidogo tu. Hebu nimalizie wewe."

Nikatafuta kisingizio, nikakikosa. Nikashusha kitabu, nikamsomea zile kurasa. Sauti ilinikatika, maneno mawili nikayatamka vibaya, nisirudi nyuma kuyasahihisha. Mtoto aliacha kutafuna.

Siku hizi sira naisoma mpaka mwisho.