Hilary Pinder na zizi lililokosa mahabusu

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu umeufunika mtaa wa kanisa pale Averthorpe, kijiji cha Uingereza, na Hilary Pinder amesimama katikati ya barabara, fimbo mkononi, anagombana na nguruwe.

"Rudi kwenu!" anamfokea. "Wewe hukutoroka. Wewe umetolewa!"

Nguruwe anakoroma tu. Nyuma yake wanakuja kondoo watatu wa Clive Rawdon, mwenyekiti wa baraza la kijiji, wakifuatwa na mbuzi wa jirani wa Hilary, Gwen Stubbins. Mbuzi kafungwa utepe mwekundu shingoni kama anakwenda harusini. Hilary anamtazama, anatikisa kichwa, kisha kicheko kinamshinda.

Hilary ana miaka sitini na moja. Kazi inayomweka mjini, kama wasemavyo watu, ni kupika shule ya msingi, kwa paundi elfu moja na kidogo kwa mwezi. Kazi anayoipenda ni hii ya asubuhi: kukamata mifugo iliyotoroka na kuifungia kwenye zizi la mawe kando ya kanisa, mpaka mwenye mali aje na faini. Kijiji kinamlipa paundi ishirini kwa mwaka, pamoja na pai moja ya nyama siku ya baraza.

"Hata soli ya buti hupati," anasema. "Lakini nani kakwambia nafuata hela?"

Anachofuata ni jina lake. Zamani sana, kabla Waingereza hawajazoea kurithi majina ya ukoo, mtu aliitwa kwa kazi yake. Aliyefungia mifugo ya watu aliitwa pinder, kutokana na neno la kale la kufungia ndani. Baadaye jina likaganda. Mtoto akawa fundi viatu, mjukuu akawa mlevi tu, na wote wakaitwa Pinder. Leo wapo akina Pinder wanaong'oa meno ya watu, na wapo wanaoendesha malori, na wengi wao hawajawahi kukamata hata kuku.

Pale Averthorpe kazi na jina havijaachana. Katika daftari la baraza, linalotunzwa kwenye sanduku la kanisa, wa kwanza ni Ralph le Pynder, aliyelalamikiwa mwaka 1347 kwa kumfungia ng'ombe wa mjane.

"Hatukupendwa hata siku moja," Hilary anasema, na unaona kabisa kwamba anajivunia. "Babu yangu alitupiwa turnipu, mizizi migumu kama mawe, kanisani. Kanisani, jamani! Lakini hakumwachia mtu."

Alipoolewa na Trevor Maltby, fundi bomba, aligoma kubadili jina. Trevor mpaka leo analalamika kwa utani. "Watu wananiita Bwana Pinder," anasema. "Mimi! Naogopa hata bata."

Asubuhi hii, hata hivyo, Hilary ana roho juu. Sheria ya baraza iko wazi: mwaka ukipita, toka kikao hadi kikao, bila mnyama hata mmoja aliyetoroka kufungiwa, kazi inafutwa na zizi linarudi kwa mwenye ardhi. Naye ameshasema atalifanya maegesho ya magari. Mwaka huu mashamba yote yamezungushiwa uzio wa nyaya za umeme, na hakuna aliyetoroka. Baraza linakaa leo saa sita mchana.

Ndiyo maana majirani wamefungua mageti.

"Mfungie basi, umalize!" Gwen anamsihi, akitokeza mlangoni na gauni la kulalia. "Mbuzi mwenyewe huyo, kakuletea shingo."

"Gwen, umemvalisha utepe!"

"Nilitaka apendeze gerezani."

"Aliyetolewa si aliyetoroka, dada yangu. Nikidanganya leo, hilo zizi lina maana gani tena? Bora waegeshe magari yao."

Hilary anamrudisha mbuzi nyumbani, kisha nguruwe, kisha kondoo wa mwenyekiti. Anafanya hivyo kwa muda wa saa tatu nzima, akitembea peku ndani ya mabuti kwa kuwa alitoka mbio bila soksi. Akimaliza anakaa juu ya ukuta wa zizi tupu na kulia kidogo. Hafichi. "Miaka mia saba karibu," anasema, "halafu inakuja kufia mikononi mwangu."

Saa tano na nusu simu inalia. Ni Trevor.

"Mke wangu, punda wetu yupo huko kwako?"

"Punda awe huku kufanya nini?"

"Maana bandani kwake hayupo. Na geti liko wazi. Wewe ndiye uliyetoka wa mwisho."

Hilary anashika mdomo. Komeo! Alitoka mbio, akalisukuma geti kwa kiuno, hakuangalia kama komeo limeshika.

Punda wao, Askofu, yuko bustanini kwa Clive Rawdon, amekwisha maliza mstari mmoja wa kabichi na anaingia wa pili. Hilary anamfunga kamba na kumkokota hadi zizini, akimtukana njia nzima, watu wakipiga makofi madirishani. Geti la zizi linafungwa zikiwa zimebaki dakika nane.

Barazani Clive anavaa miwani na kujaribu kuwa mkali.

"Apa, Hilary. Ulimwachia makusudi?"

"Clive, niaibike hivi kwa makusudi? Hakuna Pinder aliyewahi kuandikwa humu kwa mnyama wake mwenyewe kutoroka. Mimi ndiye wa kwanza. Babu akifufuka ananichapa."

Ukumbi mzima unaangua kicheko. Clive anaandika taratibu, akisoma kwa sauti: mnyama, punda mmoja. Aliyemfungia, Pinder. Mwenye mnyama, Pinder. Hilary analipa faini ya paundi tano, anachukua pai yake, na kazi inabaki kwake mwaka mwingine. Masikio yamemwiva mekundu, lakini tabasamu haliondoki.

Nje, Trevor anamsubiri na Askofu aliyekwisha kukombolewa. Mwandishi wa habari hii anamuuliza Hilary mipango yake ya mwaka ujao. Anataka kuziba ufa wa ukuta wa zizi, anasema, na kumnunulia Clive miche ya kabichi.

"Na komeo?" Trevor anauliza. "Nilitengeneze kesho?"

Hilary anaimega pai, anampa punda ukoko, anafikiri.

"Litengeneze," anasema. "Lakini usilikaze sana."