Swali la Nne la Nyamongo

Nyamongo alikuwa dresa mwanafunzi, mganga msaidizi anayejifunza kazi, na ukimwita dresa bila hilo neno mwanafunzi hakukusahihisha. Mwaka wa 1949, katika dispensari moja karibu na Magwagwa, alivaa kaptura ya kaki yenye mikunjo mikali kama ya karani wa bwana shauri, mkuu wa wilaya, na kwapani alibana daftari jeusi. Humo aliandika magonjwa ya watoto: surua, kifaduro, minyoo, malaria, kichomi, kuhara. Kila ugonjwa aliupatia ukurasa, akaugawa ukurasa huo kwa mistari ya rula: unaletwa na nini, unatambuliwaje, dawa yake ipi. Sokoni watu walimsikia akiwaeleza wauza ndizi jinsi mbavu za mtoto mwenye kichomi zinavyoingia ndani akivuta pumzi, na hakuna aliyemuuliza. Mwisho wa mwaka angefanya mtihani mjini Kisii. Kichwani mwake alishaufaulu, kilichobaki kilikuwa kwenda kuuandika tu.

Mwalimu wake, Jeconia Obiero, mtu wa upande wa ziwa, alikuwa dresa mkuu, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alimfundisha maswali matano ya kumuuliza kila mama: joto, kikohozi, kutapika, choo, mkojo. Hilo la nne alilirudia mpaka likachosha.

"Mtoto hajui kusema," alimwambia. "Choo chake ndicho kinachosema. Usipouliza, usijisumbue kufungua kabati la dawa."

Nyamongo akaandika, akapigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu.

Juma moja Jeconia alipanda baiskeli kwenda Sironga kuchanja watoto ndui, siku mbili. Dispensari ikabaki na Nyamongo, pamoja na Christabel, mama wa makamo kutoka ziwani aliyefagia na kuosha chupa, na ambaye Kikisii chake cha kuvunjavunja kiliwachekesha wagonjwa hata waliokuja wakilia. Nyamongo akaketi kwenye kiti cha mkubwa wake. Christabel alimwuliza kama kiti hicho nacho kina mtihani.

Asubuhi ya siku ya kwanza akaingia Nyanchama na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa Kemuma, wa miezi kumi na mmoja, aliyepewa jina la marehemu mama yake Nyamongo. Kila walipokutana Nyamongo alimwita mama na kumwomba uji, na mtoto alicheka kwa meno yake mawili. Siku hiyo hakucheka. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka.

Sasa sikilizeni mkosi ulipokaa. Nyanchama alikuwa mke wa mtoto wa kaka yake Nyamongo. Yeye na Nyamongo walipishana miaka minne tu, lakini kwa Wakisii huyo ni baba mkwe kamili, ndevu azipate asizipate. Na kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe ipo haya tunayoiita chinsoni. Hawashikani mkono, hawatazamani usoni, na mambo ya tumbo na choo hayatajwi kati yao hata kwa kuzungukazunguka.

Nyanchama alimlaza mtoto kwenye benchi, akarudi nyuma hatua tatu, akageukia ukuta. Nyamongo akauliza joto. Lipo. Kikohozi? Hakuna. Kutapika? Jana, mara mbili. Kisha akafungua kinywa kwa swali la nne, na kinywa kikabaki wazi. Alitazama mgongo wa mkwe wake. Aliona jinsi anavyosokota ncha ya leso, kama mtu mwenye neno na hana pa kulitua. Christabel alikuwa hatua kumi kutoka hapo, mikono ndani ya ndoo. Angemwita tu, aulize yeye. Lakini Christabel angecheka, na habari ingefika ziwani kabla ya jioni kwamba daktari wa Magwagwa anauliziwa maswali na mfagiaji.

Akainamia daftari la wagonjwa. Mbele ya neno choo akaandika: kawaida. Akasema ni malaria, akasaga nusu kidonge cha kwinini. Nyanchama akaipokea juu ya benchi, si mkononi, akaenda.

Kesho yake, jua likiwa limepanda, alirudi akiwa na mama mkwe wake, Jemimah, mke wa kaka yake Nyamongo. Huyo alikuwa shemeji, hana haya naye.

"Shemeji, hii dawa gani? Mtoto anaharisha siku ya nne leo, maji matupu, na hiyo chungu yako anaitapika yote."

Nyamongo akavua kitambaa kichwani mwa Kemuma. Utosi ulikuwa umebonyea kama shimo la kidole. Akabana ngozi ya tumbo, akaachia. Ngozi ikabaki imesimama. Yote hayo alikuwa nayo kwenye daftari lake jeusi, kwa mwandiko mzuri. Akapiga kelele Christabel alete maji yaliyochemshwa, akayatia chumvi na sukari, wakaanza kumnywesha kijiko kwa kijiko. Mengi yalimwagikia shingoni. Jeconia alifika kabla ya saa sita, akatupa baiskeli chini, akamshika mtoto kifundo cha mkono. Alikishika muda mrefu. Halafu akamfunika uso.

Baadaye alisoma daftari la wagonjwa.

"Nani alikuambia kawaida?"

"Hakuna, mwalimu. Sikuuliza."

"Kwa nini?"

Nyamongo akaeleza chinsoni. Jeconia alisikiliza hadi mwisho.

"Christabel alikuwa wapi?"



Walimzika Kemuma siku ileile, nyuma ya nyumba, watu wachache. Nyamongo alisimama mbali, upande wa wanaume. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, Nyanchama aligeuka, akamtazama usoni mbele ya wote.

"Baba, mtoto wangu alikuwa akiharisha. Ungeniuliza, ningekujibu."

Wazee wakatazama chini. Juma zima hawakuzungumza habari za mtoto. Walizungumza habari za mwanamke aliyetaja kuhara mbele ya baba mkwe wake, na wakakata shauri atoe mbuzi wa kuondoa aibu hiyo. Nyamongo alikwenda akawaambia aibu ni yake, kwamba alijua la kuuliza na akaandika uongo. Wakamtazama kama mgeni aliyepotea njia. Kuandika si jambo walilokutana kulijadili, mmoja akamwambia, arudi kwenye dawa zake.

Mbuzi akamtoa yeye, kutoka zizi lake. Alichinjwa, akaliwa, na mambo yakatangazwa kuwa yamekwisha. Nyanchama hakuja kula.