Mtu Kiini wa Kisegi

Siku niliyoripoti kazini, Isebania, Afisa Msimamizi alinipa utepe wa kupimia mkono wa mtoto, kujua kama ana utapiamlo. "Chacha," akasema, "ukisoma kijani, mtoto yuko sawa. Njano, mwangalie. Nyekundu, hospitali. Ukiweza kumweleza mama hivyo akaelewa, kazi umeijua."

Nilidhani kazi yote itakuwa hivyo. Nilikuwa mkufunzi wa wahudumu wa afya wa kujitolea, majirani wanaozunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani mgonjwa, nani mjamzito. Isebania nilifundisha kwa Kikuria. Nilipohamishiwa Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, nilitumia Kiswahili, maana kila mtu alitoka kwao. Nilieleweka kotekote. Kisegi, kwa Wajaluo kando ya ziwa, ndiko nilikopotea, na kusema kweli sijui kama nimepatikana.

Huko tulikuwa chini ya mradi wa wafadhili, na Meneja wa Mradi alikuwa kijana mpole, msomi. Mkutano wa kwanza alisema, "Tunaoanisha mifumo ya ushirikishwaji ili wadau wamiliki mchakato." Niliandika yote daftarini. Nilipoinua macho, kila mtu alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Nikatikisa changu. Leo najiuliza kama kuna hata mmoja wetu aliyeelewa, au kila mmoja alimtazama mwenzake.

Kisha ukaja waraka kwa wahudumu: "Dharura zote zipitishwe kwa Mtu Kiini wa eneo husika, atakayeratibu mwitikio kabla ya rufaa." Rufaa, kwetu, ni ile karatasi ya kumpeleka mgonjwa kituoni. Hiyo niliijua. Mengine niliyasoma kwa sauti ya kujiamini.

Min Atieno, yaani Mama Atieno kwa Kijaluo, mhudumu mkongwe kuliko wote pale, aliinua mkono. "Mwalimu, hii kiini si ni ile ya yai?"

Wenzake wakacheka. Nikacheka nao. "Mtajulishwa," nikasema. Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni fupi, lakini sikulitoa.

Wiki chache baadaye, mchana, nilikuwa ofisini kwenye mkutano mwingine simu ikalia. Nikaikata. Ikalia tena. Nikatoka nje.

"Mwalimu," Min Atieno akasema, "Mtu Kiini anafika saa ngapi?"

"Kuna nini?"

"Pamela, jirani yangu. Amezaa asubuhi nyumbani, mtoto ako sawa, lakini damu haisimami. Nimeandika jina yake kwa fomu. Nangoja huyo mtu."

"Tangu asubuhi?"

"Si waraka ilisema tungoje?"

Nilirudi ndani nikamuuliza Meneja mbele ya watu wote: Mtu Kiini wa Kisegi ni nani? Alinitazama kama niliyeuliza jina langu mwenyewe. "Ni mhudumu mwenyewe. Si tulipitia?"

Nilishika simu bila kujua nianzie wapi. Namwambiaje mwanamke kwamba mtu anayemngoja tangu asubuhi ni yeye mwenyewe?

"Min Atieno, ni wewe. Tafuta pikipiki. Mpeleke hospitali sasa hivi."

Akauliza, "Mimi?" Kisha nikamsikia akipaza sauti kwa Kijaluo akiita watu.

Pamela alipona. Madaktari walimtoa kizazi ili wamwokoe. Mtoto yule ndiye wa kwanza, na ndiye wa mwisho.

Min Atieno hakunigombeza. Alikuja ofisini na waraka umekunjwa, akauliza kosa lake liko wapi ili asilirudie. Nilitafuta pa kumwonyesha sikupaona. Nikamwambia kosa si lake. Hakuamini, na hadi leo sidhani anaamini.

Tangu siku ile sikutuma waraka wowote kabla ya kumsomea yeye. Akikunja uso, nafuta. Meneja alilalamika: "Mzee Chacha, wafadhili watasema hatuna utaalamu." Nikamjibu, "Waandikie wao hiyo lugha yao. Hawa niachie." Ule wa dharura tuliuandika upya: Mtu akitokwa damu usingoje ruhusa. Mpeleke, halafu unipigie. Meneja aliusoma mara mbili, akauliza, "Ni hivyo tu?" Sikujua ananidharau au anashangaa.

Nimestaafu sasa, ninalima. Vijana wa kazi hii huniuliza siri ya kufundisha watu wanaojitolea. Huwaambia: kama hulielewi neno, usilipitishe kwa mwenzako. Wanaandika daftarini, wanatikisa vichwa, nami naingiwa na wasiwasi.

Mwaka huu nilimkuta Pamela sokoni Kisegi, akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, binti yake kando yake. Alinisalimu vizuri, akanifungia omena, kisha akaniuliza polepole, bila hasira:

"Mwalimu, ile siku, mlikuwa mnangoja nani?"

Nilifikiria waraka, Meneja, lile neno. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Walikuwa wananingoja mimi," nikasema.

"Na ulikuwa wapi?"

"Mkutanoni."

Akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mteja mwingine.