Asi Nne Mkononi mwa Damasi

Nakumbuka Jumapili ambayo kaka yangu Safari alirudi kutoka Hombo na karata mfukoni, mwanangu, na kama si karata zile ningeolewa kwingine kabisa. Keti vizuri. Nimesikia unatafuta mchumba, na watu wanaotafuta mchumba husikiliza kwa sikio moja tu, kwa hiyo nitakusimulia jambo la kuchekesha ili nilipate na lile sikio la pili.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga. Kwetu, kwenye vilima vya juu ya Bihambwe, tulikuwa watu wa ng'ombe. Wanaume walikamua, na sisi wasichana tulisukasuka maziwa na kutunza vibuyu. Usidhani kibuyu cha maziwa kinaoshwa tu na kuanikwa. Baada ya kukiosha unakifukiza kwa moshi wa nyasi, polepole, macho yanakutoka machozi, mpaka ndani kinanukia vizuri na maziwa yanapata ile ladha ambayo mgeni haisahau. Kazi hiyo hakuna aliyeisifu. Mgeni akishakunywa, aliwasifu ng'ombe wa baba.

Safari alikuwa konvoyeri, msaidizi wa dereva katika lori lililopeleka maharage Hombo na kurudi na mafuta ya mawese. Lori likikwama kwenye matope, madereva walicheza karata, na hapo ndipo walipomfundisha mchezo mmoja, naye akanifundisha mimi. Karata zina asi nne, zile zenye alama moja tu katikati. Unaziweka kwa siri juu ya karata nyingine zote kabla mgeni hajafika. Baada ya hapo wewe huzigusi tena. Mgeni mwenyewe anakata karata ziwe mafungu manne. Mgeni mwenyewe anachukua kila fungu, anahamisha karata tatu za juu kwenda chini, kisha anagawa moja moja juu ya mafungu mengine. Kazi yako ni kumwambia aanze na fungu lipi, na kuhakikisha lile lililokuwa juu tangu mwanzo linakuwa la mwisho. Akimaliza anafunua karata ya juu ya kila fungu, na asi zote nne zinamtazama. Yuko tayari kuapa kanisani kwamba hakuna mkono uliozigusa ila wake.

Sasa, mwaka huohuo vijana wawili walikuja kuniposa. Baba alikuwa mtu wa haki, akasema familia zote mbili ni za watu wema, msichana achague mwenyewe. Lakini kwetu msichana hamtazami baba yake machoni akasema namtaka fulani. Anamwambia shangazi, dada ya baba, na shangazi ndiye anayepeleka jibu. Na jibu likishapita mdomoni mwa shangazi, halirudi. Unaolewa hapo, unazeekea hapo.

Wa kwanza aliitwa Damasi. Alikuwa mrefu, aliimba katika kwaya, na alitembea kama vile kilima chote kilikuwa cha babu yake. Nilimpenda, sitakuficha. Wa pili alikuwa Anaklet, fundi wa milango kutoka upande wa Buleusa, mtu wa maneno machache ambaye shati lake lilikuwa na vumbi la mbao hata siku ya misa.

Damasi alipokuja kututembelea, nilimpa maziwa. Akanywa, akajipangusa mdomo. "Ngombe za Papa ziko na maziwa muzuri," akasema, akimgeukia baba. Baba hakupenda karata nyumbani, lakini alikuwa na tabia ya kulala baada ya chakula cha Jumapili, na sisi tulikuwa na tabia ya kumwacha alale. Safari akatoa karata, nikamwongoza Damasi: anza hapa, sasa hili, malizia lile. Akafunua. Asi, asi, asi, asi.

Damasi aliruka juu, akaita watu wote wa nyumbani, akamwamsha hata baba. "Mukono yangu iko na baraka," alisema, akiuinua tuuone. Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imefika kanisani kwamba alifanya vile macho yamefungwa. Sokoni nikaambiwa kuwa hata babu yake alikuwa na mkono kama ule. Nami nilicheka na kujisikia fahari, kwa kuwa mwenye mkono huo alikuwa ananitaka mimi.

Anaklet alikuja baadaye. Nikampa maziwa vilevile. Akanywa nusu, akanusa mdomo wa kibuyu, akauliza, "Hii kibuyu, nani aliifukiza?" Nikamwambia ni mimi. Akaitikia kwa kichwa, akamaliza maziwa. Kisha tukamletea karata, nikamwongoza kama nilivyomwongoza mwenzake. Asi zikatokea zote. Hakuruka. Alizitazama, akanitazama mimi, akaanza kutabasamu.

"Miye sikufanya kitu, dada," akasema. "Ni weye njo ulikuwa unaniambia anza hapa, maliza pale. Ulizipanga saa gani?"

Mwanangu, nilikasirika. Nilikuwa nimemwandalia furaha, naye anaifungua kama kitasa kibovu ili aone ndani. Nikasema moyoni, mtu huyu ataniharibia kila sherehe.

Shangazi alikuja kuchukua jibu. Tulikaa mlangoni tukichambua maharage, nikamwambia ni Damasi, na nikamweleza habari ya karata kama ushahidi, na jinsi Anaklet alivyouliza habari ya kibuyu kisha akaniharibia mchezo. Shangazi alicheka mpaka ungo ukataka kumwaga maharage. Halafu akauweka ungo chini, na nikajua sasa ninaonywa.

"Mutoto, sikiya. Ile karata, nani aliipanga?"

"Ni miye, shangazi."

"Na Damasi anasema nani?"

"Anasema mukono yake."

"Bon. Kesho utalima, maharage itazaa, atasema udongo yake iko muzuri. Utalea batoto, batakuwa na akili, atasema njo damu yake. Ule mwingine aliona mukono ya muntu mu kibuyu, akaiona na mu karata. Ule njo unaita muharibifu?"

Sikukubali upesi. Nilikuwa na kichwa kigumu kuliko chako. Nikamjibu kwamba Damasi hakujua, na mtu hawezi kushukuru kitu alichofichwa. Shangazi akasema hilo ni kweli. "Basi umuambie. Ukishamuambia, uniletee jibu."

Nikamwambia Damasi baada ya misa, mbele ya rafiki zake, huku nikicheka ili asione aibu. Nikamweleza kwamba asi nilizipanga mimi. Akacheka pia. "Acha mambo hiyo. Karata iko inanijua." Akamnyang'anya Safari, aliyekuwa kando yangu, karata zake, akazichanganya, akakata mafungu manne kwa mkono ule wenye baraka. Akafunua. Saba. Mbili. Tisa. Mfalme mmoja, mpweke sana.

Akanigeukia kana kwamba mimi ndiye mwizi wake. "Weye umeziharibu. Ulizigusa."

Mwanangu, kwamba nilizigusa ndiyo habari niliyokuwa nikimwambia tangu mwanzo.

Niliporudi kwa shangazi nilitaja jina moja tu. Alichukua kitenge chake, akaenda kwa baba bila kuniuliza zaidi.

Anaklet hakuwa malaika. Alikoroma, na mlango wa nyumba yetu wenyewe ulingoja mwaka mzima huku akitengeneza ya watu. Lakini wageni walipokula na kusifu nyumba yake, alinyanyuka akaniita kutoka jikoni, akasema, "Rudieni maneno hiyo, mwenyewe ayasikie." Mara ya kwanza alipofanya hivyo nililia, na sio kwa sababu ya moshi.

Basi nasaha yangu ni hii. Watu watakuambia umpime mchumba siku ya shida. Sawa, umpime, ingawa siku ya shida hata mwenye majivuno huwa mpole. Mimi nakuambia umtazame siku mambo yamemwendea vizuri. Anatazama mkono wake, au anageuka kuuliza ni nani amemsaidia? Na kabla hujampima yeye, jipime mwenyewe. Ulipofaulu shule, nani aliamka kabla yako kuwasha moto? Ukipata kazi, nani alikutaja jina mahali ambapo wewe hukuwepo? Wengine hutawaona, kwa sababu wanaokutengenezea njia mara nyingi wanakuacha utembee peke yako ili ujisikie mkubwa. Kwa hiyo uliza. Si aibu kuuliza.

Mungu akupe watu wa kukupangia mema kimyakimya, mwanangu, akupe na macho ya kuwaona, na ulimi wa kuwashukuru wangali hai wakisikia. Na yule utakayemleta hapa nyumbani, nitampa maziwa mimi mwenyewe, nisikie atauliza nini.